Mashine Inayotetemeka Usiku

Tarehe 3 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kambi yenu sasa imepata madirisha. Sisi hatujambo. Mama anashona sare za shule mbili kwa mpigo, kwa hiyo tunakula tumesimama, maana kila kiti kina suruali. Jicho la Babu limepona. Anaona mbali kuliko mimi, na uwezo huo anautumia kumchunguza jirani. Mimi niko salama. Bado naogopa kunyoosha mkono darasani hata ninapojua jibu, lakini siku hizi huliandika pembeni mwa daftari ili angalau lisipotee.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Mama, naye Mama huongea kwa sauti ya kushindana na cherehani, na Babu huwa yupo. Tafadhali jibu kwa anwani ya shule, kwa mkono wa mkutubi. Nilipomwomba alisema ni mara yake ya kwanza kuombwa kitu kisicho kitabu, akakubali.

Sasa jambo lenyewe. Bili ya umeme imekuja. Mama aliisoma, akaiweka mezani, akaiwekea kopo la chumvi juu yake kana kwamba itaruka. Halafu akasema, "Kaka yangu aliniambia mashine hii itatupunguzia gharama. Mbona imekuja kutula sisi?" Nilimweleza kwamba mashine inachukua joto lililopo tayari kwenye hewa ya nje, inalisukuma ndani ya tangi la maji ya kuoga, kwa hiyo haihitaji umeme mwingi. Akaniuliza, "Kama joto ni la bure, hii karatasi ni ya nini?" Swali hilo nimeliandika pembeni mwa daftari, mahali pa majibu.

Mama amesema anaipa muda mpaka bili ya Juni. Isiposhuka atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Ni yule yule uliyemwita wewe wakati Babu yuko hospitali kwa ajili ya jicho, akaja akabeba boila lake la kuni. Najua ulisema tusilizungumzie jambo la boila, kwa hiyo naishia hapo. Nasema tu kwamba Babu akimwona mtu yule barabarani huvuka upande wa pili, na kwamba anaoga maji baridi. Anasema hawezi kuoga maji yaliyochemshwa na feni.

Naomba unifundishe kupanga ratiba ya mashine. Kitabu chake nilikisoma chote, ila kurasa za ratiba Mama alizikata kuwa kipimo cha kushonea kola.

Mpwa wako.


Tarehe 19 Machi

Kwako Profesa,

Marahaba. Madirisha bado, ila tumepata fremu zake, na upepo sasa unapita kwa mpangilio. Hospitali tunayoijenga ina mabomba mengi kuliko watu watakaougua. Mpishi wetu ameondoka kwa hasira, na anayepika sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma. Chakula kinakuja kimeungana.

Mwambie mama yako mashine haina kosa. Kosa ni kwamba inachemsha wakati wowote tangi likipoa, mchana na jioni, saa ambazo umeme ni ghali. Shirika la umeme lina bei ya usiku, ya chini zaidi. Ipangie ichemshe usiku tu. Tangi lile lina koti nene. Maji ya usiku yatakuwa bado ya moto mkiamka, na yatawafikisha jioni kama hakuna anayeogelea.

Bonyeza kitufe chenye picha ya saa mpaka kioo kianze kuwaka na kuzima. Kumbuka kioo kile kinahesabu kuanzia katikati ya usiku, hakijui saa zetu. Saa tano ya usiku kwake ni ishirini na tatu. Najua unalijua hilo, ila kuna fundi mwenzangu hapa, mtu mzima mwenye ndevu, aliyewachemshia wageni maji mchana kutwa wakati wao wako kazini. Ukimaliza, funga kwa kitufe chenye kufuli ili asije mtu akachezea.

Na umwambie mama yako jambo moja. Likizo yangu ni Agosti. Akiiuza mashine ile, asipoteze muda kunipikia. Ile niliifunga kwa mikono yangu. Siwezi kuja kulala kwenye nyumba niliyong'olewa ukutani na kupakiwa kwenye mkokoteni.

Salamu kwa wote wanaopenda kusalimiwa.

Mjomba wako.


Tarehe 14 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa chakula. Sisi ni wazima. Mama amemaliza shule ya kwanza, sasa viti viwili viko huru. Babu alipigana na jirani kwa maneno kuhusu mpaka wa ua, akashinda, akamwonea huruma, akampa miche ya kitunguu. Mimi nilinyoosha mkono Jumanne. Mwalimu alidhani naomba ruhusa ya kutoka, akaniruhusu. Nikatoka.

Ujumbe wako wa Agosti nilimpa Mama. Alisema, "Mwambie sijamng'oa mtu mimi, nalipa bili tu," akaendelea kushona. Lakini jioni aliniuliza Agosti inaanza siku gani.

Ratiba niliipanga kama ulivyosema na kuifunga kwa kufuli. Mashine inachemsha usiku tu. Bili mpya ilikuja jana.

Imepanda.

Mama alichukua birika, akachemsha maji ya kuoga jikoni, akapita nalo mbele yangu polepole ili nilione vizuri.

Kuna jambo jingine. Asubuhi kioo huwa kinaonyesha alama ya radi, na nyuma ya mashine, kwenye zile bati nyembamba, kuna barafu. Barafu yenyewe, Mjomba. Niliigusa. Hapa kwetu usiku kuna baridi, lakini si ya kugandisha. Hata maji ya mbwa wa jirani hayagandi.

Babu naye ameiona. Aliitazama sana akasema, "Nilijua."

Mpwa wako anayekutegemea.


Tarehe 2 Mei

Kwako Profesa,

Marahaba. Fundi wa kuchomelea ameanza kupika maharage vizuri, sasa hataki kurudi kwenye vyuma. Kazi yetu imechelewa kwa sababu ya maharage.

Barafu! Nimeisoma barua yako mbele ya wenzangu wawili wakacheka, wakasema labda nimefunga friji. Sikiliza. Mashine ile inaishi kwa hewa. Feni inavuta hewa, bati zinanyonya joto lake. Hewa ikizibwa, bati zinapoa kupita kiasi, unyevu unaganda. Ikishindwa kabisa, inawasha hita ya akiba iliyo ndani ya tangi. Ndiyo ile alama ya radi. Hita ile inakula umeme kama mashine tatu. Hapo ndipo bili yenu inapotokea.

Kwa hiyo kuna kitu kinaziba hewa. Nenda alfajiri, kabla jua halijapanda, ukaangalie halafu unijibu:

Je, kuna majani yamejikusanya nyuma? Kuna mfuko wa plastiki umenaswa? Mama yako anaanika vitambaa juu yake? Kama anaanika, mwambie nimesikitika. Na je, kuna mtu yeyote anaigusa?

Kuhusu Agosti sijui. Msimamizi anasema anayetaka kubaki atalipwa zaidi. Naona kama nitabaki. Nije nifanye nini, kutazamana na ukuta? Kuna mtu hapo ambaye hata nikikohoa nje ya mlango atauliza kama ni mbwa.

Mjomba wako.


Tarehe 16 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hongereni kwa maharage. Sote hatujambo. Mama ameanza shule ya pili, ambayo ina marinda. Mkutubi anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema mwandiko wako kwenye bahasha unaonyesha mtu mwenye haraka.

Nilikwenda alfajiri kama ulivyoagiza. Hakuna majani. Hakuna mfuko. Mama haaniki kitu chochote juu yake.

Nina ombi. Je, ninaweza kuibadilisha ratiba ili ichemshe mchana, tuseme kuanzia saa saba hadi saa kumi? Nimesoma maktaba kwamba hewa ya mchana ina joto zaidi, hivyo mashine inapata kazi nyepesi. Najua umeme wa mchana ni ghali. Lakini nadhani itatufaa zaidi, hapa kwetu, kwa jinsi mambo yalivyo.

Tafadhali usiniulize sana. Bili ya Juni iko karibu.

Na tafadhali usibaki huko Agosti. Hili nalisema mimi mwenyewe, sijatumwa.

Mpwa wako.


Tarehe 29 Mei

Kwako Profesa,

Marahaba. Barua yako imekuja haraka kwa sababu dereva wa lori la saruji ameanza kumpenda mwuguzi wa huko mjini, sasa anapita kila wiki.

Nimepiga hesabu yako ya mchana juu ya mfuko wa saruji. Ni kweli hewa ya mchana inasaidia. Lakini inasaidia kidogo, na bei ya mchana inakula faida yote. Mtakuwa pale pale. Mtu mwenye akili kama zako hawezi kuomba kitu cha namna hiyo bila sababu.

Na jambo jingine. Wewe hujui kudanganya, hujarithi upande wetu. Nilikuuliza maswali manne. Umejibu matatu.

Haya, iweke mchana. Nakuamini kuliko hesabu, ingawa sitarudia kusema hivyo. Lakini ikishuka nataka kujua kwa nini. Mimi ndiye fundi. Siwezi kuwa na mashine inayofanya kazi kwa sababu nisiyoijua.

Nani anaigusa?

Mjomba wako.


Tarehe 1 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Msalimu dereva, mwambie asivunjike moyo. Hapa wote ni wazima. Marinda yamekwisha. Tunakaa kwenye viti kama watu wengine, na tumegundua kimoja kina mguu mfupi.

Bili ya Juni imeshuka. Imeshuka sana. Mama aliisoma mbele, akaigeuza kuona kama kuna nyingine nyuma. Halafu akaondoa kopo la chumvi juu ya zile za zamani, akazitupa, na usiku huo akaoga maji ya bomba akiimba. Anaimba vibaya. Mnunuzi wa vyuma alipita jana akiuliza kama tuna mzigo. Mama akamjibu, "Mzigo gani? Hapa kuna mashine inayofanya kazi."

Sasa nakujibu swali la nne.

Alfajiri ile nilipokwenda kuangalia, nilimkuta Babu nyuma ya jiko, pale penye mashine. Alikuwa anakunja blanketi. Alilikunja mara mbili, akalipangusa vumbi, akalibana kwapani. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Wewe mbona umeamka na kuku?"

"Nimekuja kuangalia mashine, Babu. Blanketi la nini?"

"Inatetemeka usiku. Wewe hujaisikia? Chumba changu kiko hapa hapa ukutani. Ikianza tu kufanya kazi, inatetemeka mpaka kikombe changu kinalia."

"Babu, zote zinatetemeka. Ni feni."

"Boila langu halikutetemeka hata siku moja. Lilikuwa na moto wake tumboni. Hii wameileta wakaiacha nje peke yake, haina hata paa la kuikinga. Angalia." Akanionyesha barafu. "Umeona? Nikaona moja halitoshi, nikaongeza la pili."

Yalikuwa mawili, Mjomba. La pili alikuwa amelikalia.

Nilitaka kumwambia kwamba barafu inatokana na blanketi. Nilikuwa na maneno yote, hata picha ya feni nilikuwa nimeichora kwenye karatasi. Lakini alikuwa anaipapasa ile mashine kwa nyuma ya mkono, kama Mama anavyonipima homa. Nikakunja karatasi.

Akasema, "Usimwambie mama yako. Atasema nimeanza kuzeeka."

"Babu, una miaka sabini na tisa."

"Ndiyo maana nasema asipewe ushahidi."

Nilimwahidi sitamwambia Mama. Hakunikataza kukuambia wewe, kwa sababu wewe hakutaji. Lakini nilijua ungemwandikia Mama mara moja, au ungemcheka, kwa hiyo nikanyamaza. Babu anafunika baada ya chakula cha jioni na kufunua alfajiri. Mchana mashine iko wazi. Ndiyo sababu niliomba mchana.

Kuna mambo mawili ambayo ningeweza kuacha kuyaandika, lakini umesema fundi lazima ajue kila kitu.

La kwanza. Siku hizi usiku mashine haifanyi kazi kabisa, imekaa kimya. Nilidhani Babu ataacha. Haachi. Nikamwambia, "Babu, mbona sasa haitetemeki tena?" Akasema, "Unadhani ni kwa sababu ya nini?" akaendelea kuchomekea pembe.

La pili. Blanketi la juu ni la Mama, la zamani. Lile la chini, linalogusa mashine yenyewe, ni la kahawia lenye mistari miwili myeupe. Pembe moja imeungua kwa pasi, na pembe nyingine ina namba imeshonwa kwa uzi mwekundu, 112. Nilimuuliza Mama kwa njia ya kuzunguka. Amesema hiyo ilikuwa namba ya bweni ya mtu fulani, na Bibi ndiye aliyeishona kabla hajafariki, na kwamba blanketi lile lilipotea zamani.

Halikupotea. Linakaa chini ya mto wa Babu mchana.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Julai

Kwako Profesa,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Lori lilikuja mara mbili nikaliacha liende, nilikuwa na kazi. Mvua imenyesha, saruji imeloa, madirisha yamefika na hayalingani na fremu. Fundi wa kuchomelea anasema atayapika. Kuna baridi kidogo usiku.

Ile pasi ilikuwa yangu. Nilikuwa najaribu kunyoosha blanketi ili mwalimu wa zamu asinichape. Nilimwambia baba kwamba liliungua bwenini, kwa mtoto mwingine. Sidhani kama aliamini.

Kuhusu ratiba: iache mchana, hivyo hivyo ulivyoipanga. Ni ratiba nzuri. Nimewaonyesha wenzangu hapa hesabu ya bili, wakaniuliza umeipataje, nikawaambia kuna vitu vya mahali ambavyo fundi akiwa mbali havioni. Usimweleze mtu kuhusu barafu. Usiku hakikisha imezimwa kabisa, ili ikifunikwa isiumie.

Nitafika tarehe 12 Agosti, jioni. Msimamizi nimemwambia nina mashine ya kukagua.

Chumba changu najua kimejaa vyerehani. Nitalala sebuleni, kwenye kochi. Mwambie mama yako asihangaike na matandiko. Nitakuja na yangu.

Wasalimie. Msalimie na yeye.

Mjomba wako.


Tarehe 8 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naituma barua hii kwa mkono wa dereva wa lori, ambaye mwuguzi amemkubali, kwa hiyo anaendesha kwa furaha na inawezekana ikakufikia kabla hujaondoka.

Salamu zako nilizifikisha wakati wa chakula. Nilikuwa nimezifanyia mazoezi. Nilisema, "Mjomba anakuja tarehe kumi na mbili. Anamsalimu kila mtu, na Babu pia." Mama alisimamisha kijiko. Babu aliendelea kula, akaomba chumvi, akapewa, akaiweka pembeni bila kuitumia.

Asubuhi yake aliniuliza, "Hilo tangi linajaza ndoo ngapi?" Nikamwambia. "Na maji yake ni ya moto kweli, au ya moto ya kwenye kitabu?" Nikamwambia aguse. Akasema atagusa mwenyewe, si mtoto.

Nilipotoka shule nilimkuta uani na beseni kubwa la Mama, suruali ameikunja hadi magotini. Alikuwa anafua blanketi la kahawia. Alilifua kwa maji ya bomba la moto, akayamwaga, akachota mengine, akalifua tena, hadi tangi likaisha. Mvuke ulikuwa umemjaa usoni. Mama alirudi na uchovu wake, akafungua bomba aoge, likamtolea baridi. Alikuja hadi mlangoni na taulo begani. Alimwona Babu, akaliona blanketi, akatazama ile namba. Kisha akarudi ndani akaoga yale ya baridi.

Babu alikamua, akaanika, akakaa kando ya kamba kulilinda kana kwamba kuna mwizi wa mablanketi ya zamani. Nikampelekea chai. Nikamuuliza maji yalikuwaje.

"Ya moto," akasema. Akanywa chai. "Kijana anajua kazi."

Leo limekauka. Amelipiga pasi mwenyewe, polepole, akiiruka ile pembe. Liko sebuleni, limewekwa juu ya kochi. Lile jingine Mama amelichukua afunikie cherehani, kwa kuwa kuna vumbi.

Kwa hiyo Mjomba, usibebe matandiko. Bili ya mwezi huu itapanda kidogo kwa sababu ya lile beseni, na nimeshamwandaa Mama.

Jana baada ya chakula cha jioni nilitoka kuangalia. Mashine ilikuwa wazi, haina kitu juu yake, na upepo unavuma. Nilimuuliza Babu kama ataifunika na kitu kingine.

Alisema hapana, itavumilia siku chache.

Mpwa wako.